Kadi ya makumbusho inasema nyumba ya bibi yetu Bagamoyo ni ya mtu mwingine, nifanyeje?

Binti wa Dunda

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu habari zenu. Naomba msaada kwa yeyote anayejua mambo ya kumbukumbu za majumba ya zamani maana nimekwama na jambo lenyewe linaniuma.

Sisi kwetu Bagamoyo, mji mkongwe kule, nyumba ya mawe ya matumbawe na chokaa, baraza mbele, mlango wa nakshi, ukumbi, vyumba vinne virefu vyembamba, nyuma ua na kisima. Mama amezaliwa pale, bibi amezaliwa pale, na bibi anasema mama yake pia alizaliwa pale. Bibi yuko hai, anakaribia miaka 90, macho yamepungua ila kichwa kiko vizuri kuliko cha kwangu.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa na shughuli zangu nyingine kabisa nikaingia maktaba ya makumbusho moja, jina naliacha, nikauliza tu kama wana chochote cha nyumba za Bagamoyo. Dada wa pale akaniletea boksi. Ndani kuna michoro iliyopimwa kwa mkono, picha nyeusi na nyeupe, na kadi moja kwa kila nyumba. Nafunua ya tano au ya sita, nyumba yetu hii hapa! Jamani nilitetemeka mikono. Picha imepigwa kwa mbele, mlango wetu ule ule, barazani amekaa mtoto wa kiume kashika kitu kama gurudumu. Mchoro unaonesha mpaka vidaka, vile vishubaka vya ukutani, vya chumba cha ndani ambavyo baba mdogo aliviziba kwa saruji nikiwa darasa la pili, nilikuwa nimeshavisahau, nikajikuta nalia mbele ya watu.

Halafu nikasoma kadi. Imeandikwa "nyumba ya mfanyabiashara" na jina la Mhindi mmoja, chini yake "wakazi: wapangaji".

Wapangaji! Vizazi vinne tumezaliwa pale. Na hapa ndipo shida ilipo, wajomba wanataka kuvunja wajenge fremu za maduka, bibi hataki, kikao cha ukoo kinakuja, na kuna mtu wa nyumbani nilimuonesha picha ya ile kadi kwenye simu akaniambia niifute nisimwoneshe mtu mwingine. Sijaifuta. Lakini sijui niiamini au niikatae, na kama imekosewa inarekebishwaje, na kama haijakosewa basi sisi ni nani pale.

Kijana wa Magomeni

Dada pole ila usijipe presha. Kadi ya makumbusho sio hati. Umiliki unaangaliwa ardhi na kwa msajili wa hati, sio kwenye boksi la maktaba. Angalia nani analipa kodi ya jengo, serikali ya mtaa wanamtambua nani, kuna karatasi gani ya mirathi. Hakimu hawezi kuwatoa watu nyumbani kwa kadi iliyoandikwa na mtu wa kupima kuta. Hayo mengine ni historia tu.

Binti wa Dunda

Asante kaka, hilo la ardhi nitalifuata. Ila mimi sio la mahakama peke yake linaloniuma, siku bibi akiondoka halafu mjukuu wangu akaenda kwenye ile maktaba atakachokuta ni kwamba tulikuwa wapangaji, na hakutakuwa na mtu wa kumwambia vingine.

Mtunza Makabrasha

Mwanangu, mimi niko Tanga, nimekaa na makabrasha ya zamani miaka mingi mpaka kustaafu, nimeisoma habari yako mara mbili.

Kabla hujaamini wala kukataa, uliza kadi iliandikwa na nani, lini, na yeye alimuuliza nani. Maktaba ya makumbusho inakuwa na daftari la kuingizia vitu, kila boksi lina namba, na mbele ya namba ile panaandikwa limetoka kwa nani na limepokelewa tarehe ngapi. Rudi uombe kuliona hilo daftari, ni haki ya msomaji kuuliza. Kadi kama unayoieleza mara nyingi imeandikwa na watu waliokuja kupima majengo, wasanifu na wanafunzi wao. Mtu wa namna hiyo anajua unene wa ukuta na urefu wa boriti, mirathi haijui. Anafika saa tano asubuhi, wanaume wako baharini na sokoni, wanawake wako ndani hawatoki kwa mgeni, anamuuliza aliyekaa barazani "hii nyumba ya nani?" anatajiwa jina ambalo mtaa umelizoea. Na jina la nyumba mtaani linaweza kuishi miaka 100 baada ya mwenyewe kuondoka. Huku Tanga kuna majengo barabara za katikati ya mji yameandikwa jina na mwaka juu kabisa ya ukuta wa mbele na wanaokaa ndani hawajui jina lile ni la nani.

Kwa hiyo kadi ni ushahidi, lakini ni ushahidi wa kile alichoambiwa mpimaji siku ile. Mchoro ni jambo lingine, mchoro aliupima mwenyewe kwa futi yake, huo uamini zaidi. Na picha zaidi ya vyote.

Sasa karatasi zenyewe za nyumba za Bagamoyo zimetawanyika vibaya na sababu ni historia ya mji. Mwambao ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kwa hiyo mikataba mingi ya zamani ya wafanyabiashara iliandikishwa Unguja, kuna Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani. Wajerumani wakafanya Bagamoyo makao yao mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, mafaili yao yaliyobaki nchini yako Nyaraka za Taifa, Upanga, na ya wizara yao ya makoloni yako Berlin kwenye hifadhi ya serikali. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 na hifadhi kuu ya shirika lao iko Chevilly-Larue, Ufaransa. Picha za wakati wa Mjerumani ziko nyingi sana maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, wameziweka kwenye intaneti, unaweza kutafuta kwa jina la mji ukiwa nyumbani kwako bila kulipa kitu. Nakutahadharisha na mwandiko wa Kijerumani wa siku zile, hata Mjerumani wa leo hausomi mpaka ajifunze, usimlipe mtu anayesema anatafsiri kwa dakika tano.

Na kingine, tafadhali, ukirudi kwenye boksi lile nenda na penseli, kalamu ya wino iache nje. Picha piga bila mwanga wa flashi. Weka rula pembeni ya mchoro unapopiga ili mtu ajue ukubwa. Kila picha andika namba ya boksi na namba ya karatasi, maana baada ya mwezi mmoja utakuwa na picha 200 kwenye simu na hujui ipi ilitoka wapi, na karatasi isiyojulikana ilikotoka haimsaidii mtu.

Babu wa Ngamiani

Asalaam aleikum. Mwanangu, umehangaika na boksi la makumbusho umemsahau bibi. Ana kasha? Watu wa rika lake karatasi za maana wanaziweka chini ya kanga, kwenye bahasha au kwenye mfuko wa kitambaa. Muulize taratibu, usimuulize mbele ya wajomba. Ukikuta kitu kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu usidhani ni Kurani ukakibusu ukakirudisha, huenda ni Kiswahili kwa ajemi. Nitumie nitakusomea, mimi nimefundishwa na marehemu baba yangu na bado naiona herufi vizuri kwa miwani.

Ukhti wa Mzingani

Babu kasema kweli. Na mie naongeza, kwenye hizo kadi na mafaili mara nyingi utaona jina la mwanaume tu, hata nyumba ikiwa ya mwanamke. Kwetu sisi nyumba ya mama inakwenda kwa binti, mume anakuja kuoa anakaa, lakini akija mgeni kuuliza anatajiwa mume au anatajiwa tajiri wa mtaa. Muulize bibi nyumba ilitoka kwa nani kwenda kwa nani, mwache aongee mwenyewe, wewe rekodi kwenye simu.

Chokaa na Boriti

Mimi ni fundi, nimekarabati nyumba za mawe Bagamoyo na Pangani. Dada ule mchoro ni dhahabu, ulinde. Wajomba wakisema nyumba imechoka haifai, waulize nani aliipiga plasta ya saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, unavuta unyevu chini na kuutoa nje, ukiuvisha saruji maji na chumvi vinabaki ndani, saruji inabanduka na vipande vya jiwe, mtu anaona ukuta unaoza anasema jengo bovu. Sio bovu, limezibwa pumzi. Na vile vidaka vilivyozibwa vitafutwe kwenye mchoro, vinafunguliwa bila kubahatisha.

Vyumba vyembamba kama unavyosema ni kwa sababu ya boriti za mikoko, boriti haifiki mbali, mita mbili na nusu mpaka tatu hivi basi, ndio maana chumba kinakwenda urefu hakiendi upana. Angalia kama vipimo vya mchoro vinalingana vyumba vyote, kikiwepo chumba kipana kuliko vingine ujue kimeongezwa baadaye na mbao au chuma.

La mwisho ni la mlango. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa Afrika kabla ya 1940, hata mlango uwe wa nyumba yako mwenyewe kuuza au kuusafirisha nje kunataka kibali. Na jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa lenyewe kwa sheria hiyo hiyo. Waambie wajomba hilo mapema kabla dalali wa milango hajafika, maana huwa wanafika kabla ya kikao hawa.

Binti wa Dunda

Nimerudi. Samahani nimekawia, nilikwenda Bagamoyo wikiendi yote.

Nilikaa na bibi uani baada ya alasiri tuko wawili tu nikamuuliza kama Babu alivyosema, taratibu. Alinyamaza nikadhani hajasikia, halafu akasema "mbona siku zote hamkuniuliza". Akaniambia nivute kasha chini ya kitanda. Chini kabisa ya kanga kuna bahasha ya kaki, ndani karatasi nne. Mbili ni stakabadhi za kodi ya jengo, moja cheti cha ndoa cha babu, na ya nne imekunjwa mara nane, kona moja imeliwa na mchwa, imeandikwa ajemi kwa wino uliogeuka kahawia. Nimepiga picha dirishani bila flashi, mbele na nyuma, nimemtumia Babu faragha.

Babu kanisomea kwa simu na moyo wangu umekufa ganzi. Ni ya mwaka 1317 Hijria. Jina la mwanamke ni la bibi yake bibi, hilo bibi kalitaja mwenyewe kabla sijamwambia. Na inasema "nimemuuzia" yule yule Mhindi wa kwenye kadi "nyumba yangu ya mawe na ua wake na kisima chake" kwa rupia 120 na pesa 32. Aliuza! Kadi ilikuwa kweli. Nimemwambia mama tu, bibi sijamwambia.

Babu wa Ngamiani

Mwanangu ulikata simu kabla sijamaliza, na nilikupigia hukupokea. Naandika hapa na wengine wasome maana hili limewapoteza watu wengi mwambao huu.

Maneno yanayofuata pale ni "kwa khiyari ya miaka miwili". Hiyo ni bei khiyari. Riba ni haramu, na tajiri hakopeshi bure, kwa hiyo watu wa Unguja na mrima, yaani pwani ya bara, wote walikuwa wanafanya hivi, anayetaka pesa anamuuzia tajiri nyumba au shamba lake kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda mali inarudi kwake. Na wakati huo anabaki ndani ya nyumba yake, analipa kodi. Soma mstari wa sita, "na mimi nimekaa humo kwa ijara rupia mbili kila mwezi". Piga hesabu, rupia mbili kwa mwezi ni rupia 24 kwa mwaka juu ya fedha 120. Ile ni faida ya mkopo imeandikwa kwa jina la kodi. Kwa karatasi ni muuzaji na mpangaji, kwa ukweli wa mambo ni mtu aliyeweka nyumba yake rehani. Angeuza moja kwa moja wangeandika bei kata, na khiyari isingetajwa kabisa.

Na hesabu ya fedha inakubaliana na tarehe. 1317 ni miladia 1899 kuingia 1900, na wakati ule rupia moja ilikuwa pesa 64. Mjerumani alibadilisha 1904 akaleta heller, 100 kwa rupia. Ungekuta heller kwenye karatasi inayojiita ya 1317 ningekwambia imeghushiwa.

Swali lililobaki ni moja tu, alikomboa au hakukomboa? Nyuma ya karatasi kuna mistari mitatu mimi siwezi kuisoma, sio Kiarabu, naona ni Kigujarati. Malipo yaliandikwa huko nyuma mara nyingi. Tafuta msomaji.

Mtunza Makabrasha

Babu Mungu akuweke. Mimi nimeona kadi nyingi za "wapangaji" sijawahi kuifikiria hivi.

Naongeza upande wa pili wa ushahidi. Kama nyumba ingekuwa ya yule tajiri na warithi wake mpaka uhuru, kungekuwa na dalili. 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakaenda kwa Msajili wa Majumba, na 1990 yakaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Mimi nilikuwa kijana Tanga naikumbuka ile Aprili, watu walilala na nyumba wakaamka wapangaji. Nyumba yenu huenda haikufika thamani ile, kwa hiyo kutokuwemo kwenye orodha ya Msajili peke yake hakuthibitishi kitu, lakini muulize bibi kama aliwahi kuja mtu yeyote kudai kodi, awe Mhindi, awe karani wa Msajili.

Na nakuomba, ile karatasi usiipeleke kupigwa nailoni ya moto stesheneri, na usiunge mpasuko kwa selotepu, gundi yake inageuka njano inakula wino. Ifungue mikunjo taratibu, ilaze kati ya karatasi nyeupe safi, itie kwenye bahasha kubwa isikunjwe tena, iweke juu pasipo na joto wala unyevu. Toa na vibanio vya chuma vyote, vinapata kutu.

Ukhti wa Mzingani

Binti, jirani yetu hapa ni mzee wa Kihindi, duka la baba yake lilikuwa la vitambaa, daftari zao zote zilikuwa Kigujarati. Nitumie picha ya nyuma nimpelekee kesho asubuhi. Jina la kwenye karatasi nitaliziba, ataona mistari tu.

Ukhti wa Mzingani

Kasoma. Kachukua na kioo cha kukuzia kabisa masikini, kakaa nayo saa nzima na chai imepoa. Mstari wa kwanza, zimepokelewa rupia 40. Wa pili, zimepokelewa rupia 40. Wa tatu unaanza "zimepokelewa" halafu hapo ndipo mchwa walipokula. Mwaka kasema ni 1957 kwa yote mitatu.

Kijana wa Magomeni

1957? Basi hapo kuna tatizo dada, deni la 1899 linalipwa 1957? Miaka miwili ya khiyari imeshapita zamani. Wakiliona hilo wajomba kesi imekwisha.

Ukhti wa Mzingani

Subiri kaka, sijamaliza kuandika. Na mie nilishtuka hivyo hivyo nikamuuliza, akasema sio 1957 ya kizungu, ni Samvat, hesabu yao wenyewe ya mwaka, iko mbele ya miladia kwa miaka 56 au 57 kutegemea na mwezi. Daftari za baba yake zote ziliandikwa hivyo. 1957 yao ni 1900 kuingia 1901.

Babu wa Ngamiani

Allahu akbar. Basi huenda ni ndani ya miaka miwili. Karatasi ni ya 1317, na malipo yote matatu yanaweza kuingia ndani ya muda. Na zaidi ya hapo, karatasi yenyewe iko kwenye kasha la nani? Deni lisipolipwa karatasi inabaki kwa tajiri, huyo ndiye mwenye haja nayo. Mimi sisemi mstari wa tatu ulikuwa 40 na pesa zake, mchwa wamekula na mimi sitaweka neno mahali palipo tundu. Lakini karatasi kurudi mikononi mwa bibi yake bibi ni jambo kubwa.

Binti wa Dunda

Sina maneno. Nimesoma hapa nikiwa kwenye daladala nikashuka kituo sio changu.

Nimempigia bibi nikamweleza yote. Nimemuuliza kama aliwahi kuja mtu kudai kodi, akasema hajaona toka apate akili, na mama yake hakuwahi kumwambia. Lakini kanieleza jambo jingine ambalo sikulitegemea. Nilimsimulia ile picha, mtoto wa kiume barazani na gurudumu, akacheka, akasema huyo ni mtoto wa fundi cherehani. Kumbe chumba cha mbele, kile cha kushoto ukiingia, walikuwa wanakipangisha kwa fundi cherehani, alikaa miaka mingi na mkewe na watoto na cherehani yake ilikuwa barazani. Kwa hiyo wapangaji walikuwepo kweli! Mpimaji alifika akamkuta fundi barazani, fundi akasema mimi ni mpangaji, ikaandikwa wapangaji. Hakudanganya mtu hapo. Nilikuwa nimeshaichukia ile kadi bure.

Bibi kataja na jina la mtoto na mwaka ambao fundi alihama, mwaka wa mafuriko makubwa anasema, nitauliza wazee wengine ni upi.

Jumatano nimerudi maktaba. Nimewapelekea kopi ya karatasi mbele na nyuma, usomaji wa Babu, usomaji wa Kigujarati, na sauti ya bibi dakika 42 kwenye flashi. Niliomba wafute "mfanyabiashara" kwenye kadi. Yule dada alikataa kwa upole, akasema kadi ya zamani haifutwi hata ikiwa imekosea, maana nayo ni kumbukumbu ya siku ile. Akachukua karatasi mpya akaandika kwa penseli kila kitu, jina la bibi kama msimulizi, tarehe, akaitia namba ile ile na kuiweka nyuma ya kadi kwenye bahasha moja. Mwanzoni sikuridhika, sasa nimekubali. Kwenye daftari la kuingizia tumeandikwa na sisi, mstari mzima.

Mtunza Makabrasha

Dada huyo anaijua kazi yake, mfikishie salamu zangu. Na fundi cherehani naye sasa amepata mahali. Jina la mtoto mliandike lakini uliza kwanza kama yuko hai na anakubali.

Kijana wa Magomeni

Dada mimi niliandika "historia tu", nalirudisha hilo neno. Nina nyumba ya shangazi mtaa wa pili kutoka kwenu, Jumatatu naenda kuulizia kama na yenyewe ipo kwenye boksi.

Chokaa na Boriti

Kikao lini?

Binti wa Dunda

Jumapili baada ya adhuhuri, hapo hapo nyumbani, bibi kasema akae ukumbini na sio chumbani. Mchoro nimechapisha mkubwa wa meza nzima. Wajomba bado wanasema fremu, mjomba mkubwa anasema karatasi haziezeki bati, na paa kweli linavuja, sitaki kusema uongo. Fundi ukiweza kuja unitajie gharama za chumba cha ndani peke yake kwanza, kubandua saruji na kufungua vidaka, wakione kimoja kikiwa kizima.

Chokaa na Boriti

Nitakuja asubuhi kabla jua halijawa kali nigonge ukuta wote nijue saruji imeshika wapi na wapi imeachia. Wasipake wala wasimwage maji ukutani mpaka nifike. Na kisima kifunikwe, nitaingia na ngazi niangalie mawe ya ndani.